Uvimbe Uliobaki: U Hai au Umekufa?

  

Majuma machache yaliyopita, baada ya sala ya Isha, tulikuwa twafunga mlango wa madrasa yetu huku Eastlands, Nairobi, alipotujia mama mmoja wa mtaa wa Umoja. Mkononi ameshika bahasha kubwa ya kaki, kaibana kifuani kama mtu aliyebeba hati ya nyumba. Alipotoa salamu na tukamjibu, hakungoja kukaribishwa kiti.

"Maalim, uvimbe ungalipo," akasema.

Mwanawe ana miaka 23. Aliugua saratani ya mitoki, ile aina iitwayo Hodgkin, na alikuwa amemaliza duru zote sita za dawa za kemo. Nywele zilikuwa zimeanza kuota, chakula anakila, na ngazi za ghorofa ya nne anazipanda bila kupumzika njiani. Watu wa nyumbani walikwisha kushukuru. Kisha ikapigwa picha ya CT ya kifua, na ripoti ikasema kuwa katikati ya kifua kumebaki uvimbe wa sentimita tatu u nusu. Siku ya kwanza ulikuwa wa sentimita tisa.

"Mjomba wake asema tuuze kiploti chetu cha Joska tumpeleke India. Babake asema hospitali basi, tumtafutie kombe. Mimi nimekuja unisomee istikhara, Maalim."

Tukamwambia kwamba istikhara huisali mwenyewe mwenye jambo, hasomewi na jirani, na tukamwomba atupe siku mbili. Hatukuomba siku hizo kwa uvivu. Miaka kumi na tano nyuma tungemjibu papo hapo, na tungemjibu vibaya. Twalijua hilo kwa sababu tuliwahi kujibu.

Alikuwapo fundi mmoja wa kushona nguo, mtu wa safu ya kwanza msikitini, aliyeota uvimbe shingoni mkubwa kama yai la kuku. Hospitali wakamwambia ni limfoma, yaani hiyo hiyo saratani ya mitoki, wakamwanzishia dawa. Baada ya duru ya pili uvimbe ukatoweka. Alikuja kwetu baada ya sala ya Ijumaa, akafungua kola ya kanzu, tukampapasa kwa vidole vyetu, hatukuona kitu. Tukasema mbele ya watu: "Alhamdulillahi, Mola amekuponya." Mbuzi akachinjwa. Duru ya tatu hakwenda. Hakuna aliyemwambia asiende, lakini furaha yetu ilimwambia. Haukupita mwaka uvimbe ukarudi na wenzake, kwapani na tumboni, na dawa zilizoufanyia kazi mwanzo hazikuufanyia kazi tena. Tulimwosha kwa mikono yetu wenyewe, mikono ile ile iliyopapasa shingo yake.

Hatuandiki haya ili wasomaji watusamehe. Twayaandika kwa kuwa watu huamini mkono wa mwalimu, na mkono wa mwalimu haukuumbwa kupima saratani.

Mitoki, kwa asiyeijua, ni zile tezi ndogo zilizo shingoni, kwapani, kinenani, na nyingine nyingi ndani ya kifua na tumbo ambazo hazishikiki kwa mkono. Kazi yake ni ulinzi wa mwili. Mtoto akiumwa na koo huvimba, akipona hunywea. Katika limfoma, seli za ulinzi zenyewe huasi na kuzaana bila kipimo. Aina zake ni nyingi, na hiyo ya Hodgkin imepewa jina la tabibu wa Kiingereza, Thomas Hodgkin, aliyeieleza London mwaka 1832. Huyu bwana alifariki mwaka 1866 akiwa safarini Palestina, na kaburi lake liko Yafa.

Kwetu Afrika ya Mashariki maradhi haya yana historia ndefu kuliko wengi wetu tujuavyo. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alioneshwa mtoto aliyevimba mataya pande zote mbili. Akawatafuta watoto wengine wa namna hiyo, na mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakatia safari ya gari kuukuu kutoka Kampala hadi kusini mwa bara, kiasi cha maili 10,000, wakiuliza hospitali hata hospitali. Walikuta maradhi yale yamefuata nchi za joto na mvua, zenye malaria. Pwani yetu imo. Leo huitwa limfoma ya Burkitt. Mwaka 1967 kikaanzishwa Kampala kituo cha kutibu limfoma, ambacho ndicho mwanzo wa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Matabibu wale walipimaje kama dawa imefanya kazi? Kwa macho, kwa vidole, na kwa picha za kamera za kabla na baada. Uvimbe wa taya uliweza kuyeyuka kwa siku chache, hata mtu akadhani ameona muujiza. Na baadhi ya watoto wale ugonjwa uliwarudia. Basi kosa letu na yule fundi si kosa la wajinga peke yao. Ni kosa la kila anayetegemea jicho na kidole tu.

Tena liko kosa la pili, ambalo ni kinyume cha hilo, nalo ndilo lililokuwa ndani ya bahasha ya mama yetu. Uvimbe unaweza kubaki na ugonjwa usiwepo. Katika limfoma ya Hodgkin hasa, uvimbe mkubwa wa kifuani ukishauliwa na dawa huacha nyuma kovu, nyama ngumu iliyokufa, kama jivu na magogo meusi yabakiavyo mahali palipoungua. Picha ya CT, iliyoanza kutumika kwa wagonjwa mwaka 1971 kwa kazi ya Mwingereza Godfrey Hounsfield, ni picha nzuri mno ya umbo. Yaonesha kitu kiko wapi na kina ukubwa gani. Lakini ukiiuliza kama kitu hicho ki hai au kimekufa, haina jawabu.

Jawabu tulilipata kwa mwanafunzi wetu wa zamani, binti aliyehifadhi juzuu kadhaa mbele yetu na sasa ni muuguzi katika wadi ya saratani. Tulipomsimulia habari ya sentimita tatu u nusu alicheka kwa adabu, akasema, "Maalim, hiyo picha imejibu swali ambalo siye tuliouliza. Muulizeni daktari wake kama kijana amefanyiwa skani ya PET."

Skani ya PET haitazami umbo, yatazama ulaji. Kila seli ya mwili hula sukari ya glukosi, na seli za limfoma nyingi huila kwa pupa. Basi wataalamu huchukua sukari inayofanana na glukosi, wakaifunga kwenye chembe ya florini yenye mnururisho, wakamdunga mgonjwa kiasi kidogo sana mshipani. Mgonjwa hulala kimya kiasi cha saa moja huku sukari ile ikienda inakoliwa. Kisha huingizwa katika mashine, na palipo na ulaji mkubwa hung'aa pichani. Mashine hizo siku hizi hupiga PET na CT kwa pamoja, moja ikaonesha umbo na moja uhai, zikalazwa juu ya mwenzake. Uvimbe uliobaki ukinyamaza, haung'ai, hilo ni kovu. Uking'aa, pana kitu kinachokula.

Florini ile haina subira. Kila dakika 110 nusu ya nguvu yake hupotea, ndiyo sababu haiwekwi ghalani wala haiagizwi kwa meli; hutengenezwa asubuhi ya siku hiyo katika mtambo uitwao saiklotroni, ikatumika siku hiyo hiyo. Kwa miaka mingi Mkenya aliyehitaji skani hii alipanda ndege kwenda India au Afrika Kusini, na ndiko lilikotoka shauri la yule mjomba. Shauri lake lilikuwa la haki kwa wakati wake. Lakini mwaka 2018 Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, hapo Parklands, ilipata mashine na saiklotroni yake, na baadaye ikafuata hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, upande wa Kahawa, ambayo ni ya serikali. Kutoka Umoja ni matatu mbili, moja ya Outering na nyingine ya barabara ya Thika. Kiploti cha Joska kinaweza kukaa.

Sasa picha husomwaje? Hapa tulipendezewa sana, kwa sababu mizani yenyewe imo ndani ya mwili wa mgonjwa. Wataalamu walikutana mwaka 2009 katika mji wa Deauville, Ufaransa, wakakubaliana alama tano, na mwaka 2014 zikaingia katika kanuni za kimataifa zitumikazo mpaka leo. Mahali palipokuwa na uvimbe hulinganishwa na vitu viwili vya mgonjwa huyo huyo: damu iliyo katika mishipa mikubwa ya kifuani, na ini lake. Alama ya 1, hakuna mng'ao. Ya 2, mng'ao haukuzidi ule wa damu. Ya 3, umezidi damu lakini haukuzidi ini. Ya 4, umezidi ini kiasi. Ya 5, umezidi ini mno, au pametokea mahali papya. Moja hadi tatu kwa kawaida ni habari njema, hata kama uvimbe ungalipo. Nne na tano zataka kuangaliwa tena.

Twasema kuangaliwa tena, hatukusema kulia, maana PET nayo hudanganyika. Kinachokula sukari si saratani peke yake. Kifua kikuu hung'aa, na sote tunaoishi katika vyumba vilivyobanana vya Eastlands twajua kifua kikuu ki mlango wa pili. Nimonia hung'aa, kidonda kinachopona hung'aa, na sindano za kuongeza chembe nyeupe za damu huufanya uboho wote ung'ae kama taa za harusi. Kwa hiyo daktari mwenye busara akiona alama ya 4 au 5 mara nyingi hutaka kipande cha nyama kikatwe, kipimwe, kabla ya kubadilisha dawa. Mgonjwa asikatae kipimo hicho akidhani anacheleweshwa. Wako pia waliotibiwa kifua kikuu miezi mingi kumbe ni limfoma, na ripoti ya picha pekee isingewaokoa.

Wakati nao ni nusu ya jambo. Baada ya duru ya mwisho ya kemo hungojwa majuma sita hadi manane, kwa uchache matatu, ili uchungu wa dawa mwilini upoe. Aliyepigwa mionzi hungojwa kama miezi mitatu. Anayekimbilia skani juma la pili kwa kuwa moyo haujatulia hununua picha ya hofu yake kwa bei ghali. Ipo pia skani ya katikati ya matibabu: katika Hodgkin aghalabu hupigwa baada ya duru mbili, na faida yake ni kubwa. Utafiti mmoja uliochapwa mwaka 2016, wenye wagonjwa zaidi ya 1,000, ulionesha kuwa wale ambao picha yao ya katikati ilikuwa safi waliweza kuachishwa bleomisini, dawa ambayo huweza kudhuru mapafu, na matokeo yao yakabaki mazuri karibu sawa na wasioachishwa. Angalieni: waliachishwa dawa moja na daktari, kwa picha. Hawakuacha tiba wao wenyewe kwa kupapasa shingo. Laiti fundi wetu angalikuwa na hilo.

Mama zetu na dada zetu ndio wanaowaandaa wagonjwa, na wengine ndio wagonjwa wenyewe, kwa hiyo twawaeleza kwa urefu kidogo. Mgonjwa hukaa bila kula kwa saa zisizopungua nne, na mahali pengi husema sita. Maji matupu yaruhusiwa. Chai ya sukari na mahamri ya alfajiri huiharibu picha, kwani sukari ya chakula hushindana na sukari ya kipimo. Mwenye kisukari aseme mapema, wala asijipangie sindano ya insulini mwenyewe siku hiyo. Siku moja kabla, asifue mablanketi wala asibebe mitungi ya maji hadi ghorofani, kwani misuli iliyochoka hula sukari. Baada ya kudungwa asitafune kitu. Vijana wetu wa miraa wasikie hilo, na jojo nayo ni vivyo hivyo, maana taya litang'aa. Wala asizungumze sana, kwa kuwa misuli ya koo hung'aa, na koo ni jirani wa mitoki ya shingo. Mgonjwa mmoja alituuliza kama anyiradi. Tukamwambia anyiradi kwa moyo. Mwenyezi Mungu husikia usichokitamka.

Baridi ni adui mwingine. Mtu akitetemeka, mafuta fulani ya shingoni na mabegani huwaka ili yampashe joto, nayo hung'aa pale pale yalipo mitoki. Basi chukueni shali nzito au leso mbili, na pini za mtandio ziacheni nyumbani. Mjamzito, au anayedhani huenda ni mjamzito, aseme kabla ya kudungwa. Anayenyonyesha aulize akae mbali na mtoto kwa saa ngapi. Aliye katika ada yake amwambie mhudumu, kwani kizazi hung'aa siku hizo na msomaji wa picha asipojua anaweza kushuku lisilokuwapo. Hakuna haya katika hili. Ukitaka mhudumu wa kike, omba siku ya kupanga miadi, si mlangoni pa mashine.

Juu ya Ramadhani twaulizwa kila mwaka. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la Jeddah lilipitisha mwaka 1997 kwamba sindano isiyo ya lishe haibatilishi saumu, na sukari ya kipimo hiki ni kidogo mno, hailishi chochote. Lakini mgonjwa baada ya kudungwa huambiwa anywe maji mengi ili aitoe dawa kwa mkojo. Basi atumie ruhusa aliyopewa na Mola wake, afungue, alipe baadaye akiweza. Wala asiahirishe miadi mpaka Shawwal bila kumwuliza daktari.

Gharama ni makumi ya elfu za shilingi. Tangu Oktoba 2024 SHA imechukua mahali pa NHIF. Mgonjwa ahakikishe amesajiliwa, michango imelipwa, na aulize dirishani kabla ya siku ya miadi ni kiasi gani kitalipwa na ni kiasi gani kitamwangukia. Na hapa tuna neno na kamati zetu za misikiti. Twachanga usiku mmoja gari la maiti, mahema, pilau na mabasi ya kwenda makaburini. Mgonjwa fukara, aliye hai, akiomba nusu ya fedha hizo apigwe picha itakayosema kama dawa yamfaa, twamwambia aje Ijumaa ijayo. Fukara na masikini wametajwa mwanzo kabisa katika wanaostahiki zaka, na ugonjwa haukuwatoa humo.

Sasa turudi kwa mama yetu. Siku ya tatu tulikwenda naye kliniki, pamoja na babake kijana, ambaye alikaa kimya njia nzima. Daktari aliitazama bahasha, akauliza kama ipo skani ya PET ya mwanzo, kabla ya tiba. Ilikuwapo! Mama alikuwa ameiweka chini ya godoro pamoja na cheti cha ndoa. Twawaomba wote: picha za kwanza zisitupwe, hata kama karatasi yake mmeichoka kuiona, kwa maana ya mwisho husomwa kwa kulinganishwa na ya mwanzo. Zikahesabiwa siku tangu duru ya mwisho, ikaonekana ni majuma matatu tu, tukaambiwa tungoje mengine manne. Majuma manne hayo yalikuwa marefu. Mjomba alipiga simu mara mbili kuuliza kama mnunuzi wa kiploti aje, na babake kijana alileta kombe, kijana akalinywa kwa heshima ya babake, nasi hatukuona ubaya maadamu miadi haikuguswa.

Skani ilipigwa siku ya Jumanne. Jibu likatoka baada ya siku mbili: uvimbe upo, sentimita tatu u nusu vile vile, alama ya 2.

Mama alimwuliza daktari, "Yaani umekufa?" Daktari akasema kwa alivyouona, naam, na kwamba hatampiga kijana picha nyingine ya namna hiyo bila sababu, kwani kumpiga picha mtu asiye na dalili huleta hofu na gharama kuliko faida. Arudi baada ya miezi mitatu akaguliwe kwa mikono na kupimwa damu, na akiona jasho jingi la usiku, homa isiyo na sababu, kukonda, au mtoki mpya, asingoje miezi hiyo mitatu.

Tulipotoka, babake kijana alisimama kwenye ngazi, akaichukua ile bahasha mkononi mwa mkewe, akaibeba yeye mpaka kituo cha matatu.